SOMO LETU: KELELE ZA BARABARA NA USINGIZI WA MFANYAKAZI



Sisi wa Kibenga, kusini mwa Bujumbura, tunaijua barabara ya taifa namba 3 iendayo Rumonge na Nyanza-Lac hata tukifumba macho. Mwenzetu wa zamu ya usiku hulala mchana, wakati malori yananguruma. Sikio lililopigwa na mashine kwa saa 8 linahitaji kimya ili lipumzike. Lisipokipata siku hadi siku, uziwi huingia polepole, bila maumivu.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama kilo za sukari. Magari yakipungua nusu, zinapungua desibeli 3 tu, na sikio halioni nafuu kubwa. Kwa hiyo kudai magari yapungue hakutoshi.

Tena tuwe waangalifu na amri za kukataza. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya jiji letu, na walioumia kwanza ni wenzetu wanaozitegemea kwa chakula.

Kiwandani tunadai mashine irekebishwe kabla ya kugawiwa vizibo vya masikio. Barabarani ni vivyo hivyo. Bomba la moshi lililotoboka libadilishwe. Minyororo ya lori tupu ifungwe, mashimo yazibwe. Dereva tusimtukane, naye ni mfanyakazi. Anayepaswa kununua bomba ni tajiri wake.

Kisha mwendo. Gari dogo likizidi kama kilomita 50 kwa saa, mlio wa matairi hushinda wa injini, basi kupunguza mwendo kunasaidia kweli. Lakini matuta yana hila: lori hufunga breki, hugonga, halafu hukanyaga mafuta upya. Yafaa mbele ya shule, si chini ya dirisha la mtu aliyelala.

Wengi hupanda mstari wa miti. Kivuli ni kizuri, ila sauti hupenya majani. Kinachozuia ni ukuta wa tofali usio na tundu, mrefu hata aliye dirishani asiyaone magari. Mpangaji hawezi kuujenga. Yeye ahamishie kitanda chumba cha nyuma.

Wiki hii kila nyumba iandike saa ambazo kelele huzidi, na mahali penye shimo. Karatasi hizo tutazipeleka pamoja kwa mkuu wa mtaa.