SOMO LA KIKUNDI: EL NIÑO HUWEZA KUISHA GHAFLA



Wazee wetu wa Kwale wanaikumbuka mvua ya El Niño iliyoanza Oktoba 1997 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 1998. Wengi hudhani joto lile la bahari liliisha taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. Sivyo. Hebu tuone lilivyoisha, maana jambo hili linagusa ghala zetu.

1. El Niño ni nini?
Kwa kawaida, kwenye Bahari ya Pasifiki pepo huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi. Husukuma maji ya moto kuelekea Indonesia, na upande wa Amerika Kusini maji baridi hupanda kutoka chini. Mwaka wa El Niño pepo hizo hulegea, maji ya moto husambaa, mawingu huhama, na mara nyingi vuli yetu huzidi.

2. Iliishaje?
Kufikia Aprili 1998 maji baridi yalikuwa yamekaribia juu, lakini pepo zilikuwa bado dhaifu. Basi maji ya moto yakabaki juu kama utando juu ya uji. Mwezi Mei likapita kundi kubwa la mawingu na pepo. Makundi ya namna hii hufuata Ikweta, yakipitia Bahari yetu ya Hindi kuelekea mashariki, na huzunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Pepo za Pasifiki zikapata nguvu upya, utando ukaondoka. Mahali pengine joto la bahari lilishuka nyuzi 8 kwa muda wa mwezi mmoja tu! Upepo wa wiki chache ulimalizia jambo lililokuwa limeshachoka.

Baadaye ikaja La Niña, na miaka ya 1999 na 2000 Kenya ikapata ukame mkali. Waliokula chote wakati wa neema walijuta.

3. Tahadhari
El Niño kuisha si mvua kuisha. Aprili na Mei 2024 El Niño ilikuwa inafifia, lakini Kenya ilipata mafuriko makubwa, na Kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Tanzania.

4. Tufanye nini?
- Tusipange mwaka mzima kwa tangazo moja. Tusikilize utabiri wa msimu, wa mwezi na wa wiki wa Idara ya Hali ya Hewa.
- Mwaka wa mvua, kikundi kiweke akiba ya mahindi na mbegu. Yusufu, tunayemheshimu Wakristo na Waislamu, alifanya hivyo kule Misri.
- Wavuvi wa Msambweni na Diani wasitoke baharini bila kusikia onyo la upepo.

Maswali ya kujadiliana
1. Mvua ya 1997 iliharibu nini kijijini kwetu?
2. Ukame ukija mwakani, ghala yetu itatufikisha mwezi gani?
3. Nani atatuletea utabiri kila wiki?