Kuimba kwa Tuba: Namna ya Kuandaa Wimbo wa Besi na Piano

Mpiga tuba anayetaka kusimama mbele ya watu akisindikizwa na piano tu huona mapema kwamba nota zilizotungwa kwa ajili yake ni chache. Ala yenyewe ni changa. Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz waliipatia hataza mjini Berlin mwaka 1835, miaka 85 baada ya kifo cha Bach. Sonata ya Paul Hindemith ya tuba na piano ilikuja mwaka 1955. Kwa hiyo wapiga tuba huazima nyimbo za waimbaji na sonata za selo, na wakiazima vizuri, hadhira hupata muziki wa hali ya juu.

Ushauri wangu ni kuanza na wimbo uliotungwa kwa sauti nzito. Johannes Brahms alitunga Vier ernste Gesänge, opus 121, mwaka 1896, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, akaziandika nyimbo hizo nne kwa sauti ya besi na piano. Maneno yake yanatoka katika Biblia: mbili za kwanza kutoka Mhubiri, ya tatu kutoka Yoshua bin Sira sura ya 41, ya nne kutoka 1 Wakorintho 13. Fungua Biblia ya Kiswahili yenye kitabu cha Yoshua bin Sira, usome maneno hayo kwa sauti kabla hujagusa ala. Wimbo wa tatu unaanza kwa kulalamikia uchungu wa kifo katika E minor, kisha unahamia E major pale kifo kinapokuwa faraja kwa mnyonge aliyechoka. Asiyejua maneno hayo atapiga sehemu zote mbili kwa sauti ileile, na wimbo utakufa mikononi mwake.

Maneno hukuonyesha pia pa kuvuta pumzi. Weka alama za pumzi mwisho wa sentensi au penye mkato, kamwe si katikati ya neno. Silabi yenye mkazo ipate ulimi thabiti. Silabi nyepesi iguswe tu. Arnold Jacobs, aliyepiga tuba katika Chicago Symphony Orchestra tangu 1944 hadi 1988, aliwafundisha wanafunzi wake kuusikia wimbo kwanza kichwani, na pumzi ingeufuata. Imba kila mstari kwa mdomo wako mwenyewe mpaka uwe wako.

Muziki wa selo una shida nyingine, kwa kuwa mpiga selo hahitaji kupumua ili sauti itoke. Ukilazimika kuacha nota ili upate hewa, acha ile ya kupita, usiache nota ya mwanzo wa mapigo.

Jambo linaloharibu maonyesho mengi ni oktava. Vocalise ya Rachmaninoff ni ya sauti ya juu. Ukiishusha oktava mbili, melodia inaingia chini ya mkono wa kushoto wa mpiga piano. Nota ya chini kabisa ndiyo inayoamua mwelekeo wa kodi, basi tuba ikishuka chini ya piano, hamonia aliyoikusudia mtunzi inapinduka. Jaribu oktava moja tu, hasa ukiwa na tuba ya F. Ikishindikana, mwombe mpiga piano aongeze oktava ya chini katika sehemu hizo chache, huku akipunguza pedali, maana sauti nzito zikirundikana hazieleweki.

Kabla ya kununua nota, angalia zimeandikwa kwa tuba gani. Katika bendi za Jeshi la Wokovu, nota za tuba ya E flat na B flat huandikwa kwa alama ya G, na C ya kwenye karatasi husikika E flat au B flat. Nota za okestra huandikwa kwa alama ya F, kama zinavyosikika. Fahamu pia kwamba Brahms yuko huru kwa yeyote, lakini mpangilio mpya wa mtu aliye hai una hakimiliki yake.

Siku ya onyesho, pasha tuba joto kwanza ndipo uilinganishe na piano, kwa sababu sauti yake hupanda kadiri inavyopata joto. Usipange nyimbo nzito mbili mfululizo bila mpiga piano kupiga kitu peke yake katikati, midomo yako ipumzike. Na katika karatasi ya ratiba, chapisha kwa Kiswahili maneno ya kila wimbo wenye maneno, ili wasikilizaji wajue tuba inasema nini.