Mvua Juu ya Bati: Mafunzo Niliyopata Nikigeuza Takwimu Kuwa Sanaa

Kazi yenyewe ni bati la mita moja ya mraba lililoinuliwa juu ya vitalu vya mchicha, jijini Dar es Salaam. Anayekuja kuitazama huchagua siku katika daftari la mvua, akasoma kiasi kilichopimwa siku hiyo, kisha akakimimina mwenyewe juu ya bati. Maji huteremka hadi kwenye mchicha. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Tumia kipimo ambacho mwili unakijua.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, haipungui wala haizidi. Kwa hiyo hakukuwa na haja ya kubuni uwiano. Desemba 2011, mafuriko yalipoikumba Jangwani na mabonde mengine ya jiji, kwa siku moja ilipimwa mvua ya zaidi ya milimita 150. Kwenye chati, hiyo ni nguzo ndefu kati ya nguzo fupi. Kwenye bati letu ni zaidi ya madumu saba na nusu ya lita ishirini. Kundi la vijana waliichagua siku hiyo na kuanza kwa mbwembwe. Dumu la tatu wakawa wanapokezana. La tano, kelele za bati ziliwalazimu kuongea kwa kupaza sauti, vitalu vikafurika, maji yakawafikia miguuni. Mmoja akatua dumu, akauliza: "Na hii ni mita moja tu?"

Ningempa chati asingeuliza hivyo.

2. Kitu chenyewe kina nguvu kuliko picha yake.

Hili nililiona kwanza katika kazi ya msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing. Mwaka 2015, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Paris, walipanga mapande 12 ya barafu kutoka Greenland kwenye uwanja wa wazi jijini humo, yakayeyuka huku watu wakiyagusa. Ndiyo maana nilikataa skrini.

3. Nafasi tupu si sifuri.

Madaftari ya mvua yana siku ambazo hazikujazwa: kipimo kiliharibika, au mpimaji hakufika. Ukiweka sifuri hapo, umetunga ukame ambao haukuwahi kutokea, na programu ya kompyuta haitakukumbusha. Siku hizo tunalifunika bati kwa turubai. Mgeni akiichagua siku kama hiyo, hamimini chochote, na tunamweleza sababu. Wengi hukasirika kidogo. Sitaibadilisha sehemu hii, kwa sababu uaminifu wa kazi nzima unategemea hapo.

4. Kituo kimoja cha kupimia mvua hakisemi kwa niaba ya jiji zima.

Mzee mmoja aliyekulia bondeni alilipekua daftari kimya, akafika kwenye siku iliyoandikwa mvua haba. "Mwanangu, siku hii maji yaliingia ndani kwangu."

"Shikamoo mzee. Lakini kipimo kinaonyesha mvua ndogo."

"Marahaba. Hapa, ndiyo. Pugu je?"

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Mvua ikinyesha huko, bonde la Jangwani hupata maji hata kama mjini ni manyunyu tu. Sasa ukingoni mwa daftari kuna sehemu ya kumbukumbu za wakazi, zimeandikwa kwa rangi nyingine zisichanganywe na vipimo.

5. Mmea una saa yake.

Maji ya mwezi mzima naweza kuyamimina asubuhi moja. Mchicha hauwezi kuota kwa kasi hiyo. Unahitaji siku kadhaa kuchipua na wiki tatu hivi kufaa kuchumwa, kwa hiyo kila kitalu kinafuata msimu mmoja wa daftari, siku kwa siku. Miaka miwili inaweza kuwa na jumla ya mvua inayokaribiana, mchicha wa mmoja ukastawi na wa mwingine ukanyauka, kwa sababu mvua yote ilishuka kwa mikupuo michache. Jumla ya mwaka inalificha hilo. Majani hayalifichi.

Kitalu cha msimu mkavu kilipoanza kulala, mama mmoja alifungua chupa yake ya maji ya kunywa.

"Mama, hicho tunakiacha kama daftari linavyosema."

"Naona, mwanangu. Lakini maji ninayo."

Akakimwagilia. Nililifikiria jambo hilo usiku kucha, na asubuhi nikachora safu mpya daftarini: maji yaliyoletwa na watu. Msimu ujao tunaongeza kitalu cha mtama, unaovumilia ukavu, tuupimie mvua ileile.