MTOTO AKIRUDI KUTOKA KABANGA

Somo letu leo ni juu ya watoto wenye ualbino, na namna kijiji kinavyoweza kuwapokea wakirudi nyumbani. Soma polepole. Ukimaliza, msomee na mwenzio.

Kwanza tukumbuke yaliyotokea. Kati ya mwaka 2007 na 2009 watu wengi wenye ualbino waliuawa au kukatwa viungo, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Chanzo kilikuwa uongo wa waganga, eti kiungo cha mtu huyo huleta utajiri. Kwa jirani zetu Burundi mambo yalikuwa hayo hayo. Julai 2009 mahakama ya Ruyigi iliwahukumu watu kwa mauaji ya namna hiyo. Septemba mwaka huo huo, Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa. Watoto wengi walihamishiwa kwenye vituo, kama kile cha Kabanga, wilaya ya Kasulu. Walipata ulinzi. Lakini wengine walikaa miaka mingi, wakakua mbali na wazazi wao.

Usidhani ni mambo ya zamani tu. Mei 2024 mtoto wa miaka miwili aliibwa nyumbani kwao Muleba, mkoa wa Kagera, akauawa. Watu tisa walishitakiwa.

Sasa ualbino ni nini? Ni upungufu wa rangi katika ngozi, nywele na macho. Mtoto huupata kwa urithi wa baba na mama, wote wawili, hata kama wao ni weusi tii. Wapo wanaume waliokimbia nyumba wakisema mke amezaa na Mzungu. Mimi nasema wazi, mtu huyo ameikimbia damu yake mwenyewe.

Na ule uongo wa utajiri je? Kwenye Ziwa Victoria ilisemwa kwamba nywele zao zikifumwa katika nyavu, samaki hujaa. Sisi wa Ujiji na Kibirizi tunajua dagaa wanavyopatikana. Usiku wa giza mvuvi anawasha taa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawaijali taa, wavuvi wanapumzika. Kama dawa ya mganga ni ya kweli, mbona hawavui usiku wa mwezi mpevu?

Basi mtoto akirudi, kazi si ya wazazi peke yao. Mwenyekiti wa kitongoji ajue nyumba yake kabla hajafika. Asiende shule peke yake. Mwalimu amkalishe mbele, maana macho yake hayaoni mbali. Avae kofia pana na mikono mirefu, kwa sababu jua humletea saratani ya ngozi. Ulizeni zahanati juu ya mafuta ya kukinga jua. Yapo yanayotengenezwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi. Na mwiteni kwa jina lake. "Zeruzeru" ni tusi. "Dili" ni neno la muuzaji wa watu.

Jambo gumu zaidi ni kuaminiana. Mara nyingi wauaji walionyeshwa nyumba na mtu wa karibu, hata ndugu. Ndiyo maana mama anamtazama kila jirani kwa wasiwasi. Usimkasirikie. Ukimpelekea mtoto migebuka na mama akakataa, usinune. Kesho pita tena umjulie hali.

Na mkimshuku mtu, msimpige wala kumchomea nyumba. Pelekeni habari kwa mtendaji wa kijiji na polisi upesi. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, kosa lao macho mekundu. Macho yenyewe yaliharibiwa na moshi wa jikoni.

MANENO
Ualbino: upungufu wa rangi mwilini tangu kuzaliwa.
Kushuku: kudhani mtu ana kosa, bila kuwa na hakika.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Kwa nini mama asilaumiwe peke yake mtoto akizaliwa na ualbino?
2. Mgeni akifika kitongojini na kuulizia nyumba ya mtoto huyo, mtafanya nini, na mtamwambia nani kwanza?
3. Katika kitongoji chenu, nani atamsindikiza shuleni asubuhi, na nani atamrudisha jioni?