Seva Ikipoteza Hifadhi Yake: Tafuta Njia Iliyokatika, Data Iache Ilipo

Hospitali, chuo, SACCOS au kiwanda cha minofu ya sangara pale Mwanza leo hakiendi bila seva. Na seva yenyewe, mara nyingi, haitunzi kitu cha maana ndani yake. Majalada ya wagonjwa, picha za eksirei, matokeo ya wanafunzi, akiba za wanachama na rekodi za shehena ya samaki inayosafirishwa Ulaya hukaa kwenye hifadhi ya pamoja: kifaa chenye diski nyingi ambacho seva mbili, tatu au zaidi huchota humo kwa wakati mmoja.

Siku mawasiliano kati ya seva na hifadhi yanapokatika, programu zinaganda, foleni inarefuka dirishani, na skrini inasema diski haionekani. Jambo la kwanza linalowajia watu kichwani ni kwamba data imepotea. Kwa kawaida haijapotea. Iko palepale kwenye diski, kilichokatika ni njia ya kuifikia. Hasara isiyorudishika huletwa na mtu mwenye hofu anayebonyeza asichokielewa.

Makala hii ni kwa ajili ya afisa TEHAMA aliye peke yake kazini. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025 na limefupisha safari ya fundi anayetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita. Lakini aliyeko Nansio, Ukerewe, bado anamsubiri fundi avuke na meli au kivuko, na mtaalamu wa kampuni iliyouza kifaa mara nyingi yuko Dar es Salaam. Saa za mwanzo ni zako.

Kabla ya yote: mambo manne ya kutofanya

Usikubali kuianzisha diski upya. Windows ikiiona diski ambayo haiwezi kuisoma, huuliza kama iianzishe au iifomati. Jibu ni hapana, hata kama swali linajirudia.

Usichomoe diski kwenye hifadhi ili "kujaribu". Mpangilio wa RAID 5 unavumilia kukosa diski moja, na RAID 6 unavumilia mbili. Ukichomoa diski nzima wakati nyingine imeshakufa, unageuza hitilafu ya njia kuwa msiba wa data.

Usiendeshe programu ya kukarabati faili wakati njia inakatika na kurudi. Ukarabati unaokatizwa katikati unaweza kuharibu kilichokuwa salama.

Usiigawie seva ya pili diski ileile ili "tuokoe kazi kwa muda". Seva mbili zikiandika kwenye diski moja bila mfumo wa faili uliotengenezwa kwa kazi hiyo, zitafutiana maandishi bila kujua.

Baada ya hapo chukua daftari. Andika saa tatizo lilipoanza na kilichobadilika jana au leo asubuhi: kebo iliyosogezwa, swichi mpya, programu iliyoboreshwa, umeme uliokatika. Piga picha nyuma ya raki kwa simu kabla hujagusa waya wowote. Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kisiposaidia kirudishe kilivyokuwa.

Pima ukubwa wa tatizo

Uliza swali moja: ni seva moja iliyopoteza hifadhi, au zote? Ikiwa ni moja, kosa liko upande wake: kadi yake, kebo yake, tundu lake kwenye swichi au mipangilio yake. Zikiwa zote, tazama vinavyotumika kwa pamoja, yaani swichi, hifadhi yenyewe na umeme.

Tenganisha pia tatizo hili na tatizo la intaneti. Mei 12, 2024, hitilafu kwenye mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom ilizorotesha intaneti Tanzania na nchi jirani. Tukio la namna hiyo haligusi mawasiliano ya seva na hifadhi zilizo katika chumba kimoja. Ikiwa intaneti imekatika lakini watumishi waliomo jengoni wanafungua majalada, hifadhi yako ni nzima.

Umeme na mpangilio wa kuwasha

Umeme ukikatika na kurudi, vifaa haviamki kwa kasi sawa. Seva inaweza kuwa imeshawaka wakati hifadhi bado inakagua diski zake. Swichi nazo, kwa mipangilio ya kawaida, zinaweza kuchukua nusu dakika kabla tundu halijaanza kupitisha data. Seva ikitafuta diski ndani ya muda huo, haizioni, na baadhi ya seva hubaki hivyo hadi ziwashwe tena.

Mpangilio salama ni huu: washa swichi, kisha hifadhi, ngoja taa zake zitulie, ndipo uwashe seva. Wakati wa kuzima, geuza: seva kwanza, hifadhi baadaye, swichi mwisho. Uandike mpangilio huo na uubandike kwenye mlango wa raki, ili hata mlinzi anayemsaidia fundi usiku auone.

Hakikisha pia kwamba hifadhi ina nyaya mbili za umeme zinazotoka sehemu mbili tofauti. Zote mbili zikichomekwa kwenye UPS moja, UPS hiyo ikifa hifadhi inakufa nayo.

Kebo na taa

Nenda nyuma ya raki utazame taa za kila tundu, upande wa seva, wa swichi na wa hifadhi. Taa iliyozimika ni jibu. Jaribio la haraka ni kuhamisha kebo inayojulikana kuwa nzima hadi mahali pa ile inayotiliwa shaka. Tatizo likiifuata kebo, kebo ndiyo mbovu. Likibaki kwenye tundu, chunguza tundu au moduli iliyochomekwa humo.

Kwa faiba, mambo matatu huwasumbua wengi. La kwanza ni aina. Kebo ya njano kwa kawaida ni ya masafa marefu, na ya chungwa au ya buluu-kijani ni ya masafa mafupi, lakini soma maandishi yaliyo kwenye ganda lake badala ya kutegemea rangi peke yake. Moduli za pande mbili lazima zilingane: ya mwanga wa nanomita 850 haizungumzi na ya nanomita 1310. La pili ni uchafu. Chembe moja ya vumbi kwenye ncha inatosha kupunguza mwanga, kwa hiyo safisha kwa kalamu ya kusafishia faiba, na kofia za plastiki zisitupwe. La tatu ni mkunjo: kebo iliyobanwa na mlango wa raki au kufungwa kwa kamba ya plastiki iliyokazwa sana hupoteza mwanga hata kama haijakatika. Na kamwe usitazame ndani ya ncha ya faiba, kwani mwanga wake unaweza kuumiza jicho bila wewe kuuona.

Taa ikiwaka bado usiridhike. Ingia kwenye swichi usome hesabu ya makosa ya tundu husika. Hesabu inayopanda kila ukiitazama maana yake kebo au moduli inaharibu data njiani, na hilo ndilo hufanya mfumo uwe mzito bila kukatika kabisa.

Anwani na ukubwa wa pakiti

Taasisi nyingi ndogo hutumia iSCSI, yaani hifadhi inayopita kwenye mtandao wa kawaida wa ethaneti. Hapa tazama kwanza anwani ya IP ya kadi inayoelekea hifadhi. Ukikuta inaanza na 169.254, seva ilitafuta anwani ikaikosa. Mtandao wa hifadhi upewe anwani za kudumu, na ukae kwenye VLAN yake, mbali na kompyuta za ofisini.

Kisha tuma ping kwenda anwani ya hifadhi. Ikijibu, pima poti: iSCSI hutumia 3260, NFS hutumia 2049, na SMB hutumia 445. Kwenye Linux, tuseme hifadhi ina anwani 10.10.20.5, utaandika:

nc -zv 10.10.20.5 3260

Ping ikijibu lakini poti ikakataa, angalia ukuta wa moto, au huduma ya iSCSI kwenye hifadhi yenyewe.

Kuna kosa moja linalowatesa hata wazoefu. Seva inaiona hifadhi na kuingia, lakini ukianza kunakili faili kubwa kila kitu kinaganda. Sababu mara nyingi ni ukubwa wa pakiti. Mtu aliiwekea seva na hifadhi MTU, yaani ukomo wa ukubwa wa pakiti, ya 9000, akaisahau swichi iliyo katikati ikiwa kwenye 1500. Pima hivi kwenye Linux:

ping -M do -s 1472 10.10.20.5
ping -M do -s 8972 10.10.20.5

Kwenye Windows ni ping -f -l ikifuatiwa na namba hizohizo. Namba 8972 inatokana na 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya pakiti, na 1472 vilevile inatokana na 1500. Amri ya kwanza ikijibu na ya pili ikakaa kimya, umempata mchawi. Ama uweke 9000 kila mahali, swichi zikiwemo, ama urudishe 1500 kila mahali. Nusu kwa nusu haifanyi kazi.

Ruhusa: hifadhi inakujua?

Njia ikiwa nzima na diski bado haionekani, huenda hifadhi haiitambui seva yako. Kwenye iSCSI seva hujitambulisha kwa jina linaloanza na iqn. Kwenye Fibre Channel, mtandao maalumu wa hifadhi, kadi hujitambulisha kwa WWPN, namba ya tarakimu 16. Hifadhi ina orodha ya majina yanayoruhusiwa kuona kila LUN, yaani kipande cha diski kilichogawiwa seva. Ukibadilisha kadi iliyoungua, WWPN inabadilika, na lazima uisajili mpya mahali pawili: kwenye swichi ya Fibre Channel na kwenye hifadhi. Ukiweka mfumo upya kwenye seva ya iSCSI, jina la iqn linaweza kubadilika pia. Nenosiri la CHAP, ambalo iSCSI hutumia kuthibitisha seva, nalo lilingane pande zote mbili, herufi kwa herufi.

Njia mbili, zote zikaguliwe

Mfumo uliopangwa vizuri una njia mbili kutoka seva hadi hifadhi, kupitia swichi mbili. Njia moja ikifa, kazi inaendelea. Hatari iko hapohapo: kwa kuwa kazi inaendelea, hakuna anayejua kwamba mmebaki na njia moja, hadi usiku ile ya pili nayo inapokatika. Kwenye Linux endesha multipath -ll kila Jumatatu. Kila njia iseme active ready. Ukiona failed faulty, rekebisha siku hiyohiyo.

Njia ikirudi baada ya kukatika kwa muda, Linux inaweza kuwa imeifunga diski ibaki ya kusoma tu. Usilazimishe kuandika. Simamisha programu, ondoa diski kwenye mfumo kwa amri ya umount (usiichomoe), ikague ikiwa njia imetulia, kisha uirudishe.

Maadui wa ukanda wa ziwa

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi Afrika. Mchana mawingu hujijenga nchi kavu, usiku hujijenga juu ya ziwa, na mvua za vuli na masika huja na misukosuko ya umeme. Kebo ya shaba inayotoka jengo moja hadi jingine huingiza mshtuko wa radi moja kwa moja kwenye swichi. Kati ya majengo tumia faiba isiyo na chuma ndani, maana kioo hakipitishi umeme.

Ethi nayo ina shida yake Mwanza. Mji umekaa juu ya miamba ya matale, na fimbo ya ethi iliyogota kwenye mwamba haifiki udongo wenye unyevu. Usikubali kuambiwa tu kwamba ethi ipo. Mtake fundi umeme aipime kwa kifaa mbele yako na akuandikie kipimo. Kikiwa kibaya, ziongezwe fimbo kadhaa zilizounganishwa, au zizungushiwe bentonaiti.

Kisha kuna wadudu wa ziwani, wale wanaopanda majini kwa makundi kama moshi, hasa siku chache baada ya mwezi mwandamo. Hufuata taa. Chumba cha seva chenye dirisha wazi na taa inayowaka usiku huwaita, nao huishia kwenye vichujio na feni. Feni ikiziba joto hupanda, na kifaa hujizima ili kisiungue. Ziba matundu, zima taa usiku, safisha vichujio kila mwezi, na chumba kibaki kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi.

Ukimwita fundi

Mtumie muda tatizo lilipoanza, picha za taa, ujumbe wa makosa kama ulivyo, majibu ya vipimo hivi na orodha ya ulichobadilisha, pamoja na ulichokosea. Fundi anayeambiwa ukweli wote humaliza mapema.

Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za wagonjwa na wanachama ziko chini ya ulinzi wako hata fundi wa nje anapoingia. Mpe akaunti ya muda, uifunge akimaliza, na diski mbovu isitoke jengoni bila kufutwa au kuharibiwa.

Mwisho, hifadhi ya pamoja si bakapu, na RAID si bakapu. Wiki hii chagua faili moja, irudishe kutoka kwenye bakapu yako, uifungue uone kama inasomeka. Isiposomeka, hiyo ndiyo kazi ya kwanza kuifanya, kabla ya kitu kingine chochote katika chumba hicho.