Kwa Nini Dagaa Wapungua Ziwani?

Mtu ashukaye kutoka Ufipa kwenda Wampembe aiacha nyuma baridi ya Sumbawanga, na mbele yake aliona Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, na kina chake kikubwa chafika mita 1,470. Ulimwenguni kote ni Ziwa Baikal tu la Urusi linalolipita kwa kina. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa juu ya maji, na dagaa huufuata mwanga. Lakini siku hizi mara nyingi taa huwaka hadi alfajiri, na mitumbwi hurudi na samaki haba. Huyu husema nyavu za jirani zimewamaliza. Yule husema ni mkono wa mtu. Yafaa tulichunguze jambo lenyewe kabla ya kulaumiana.

Tuanze na ukaa, kitu kile kilicho katika makaa meusi ya jikoni. Ukaa hautulii mahali pamoja. Hewani umeungana na oksijeni, nao huitwa hewa ya ukaa. Jani la muhogo huivuta hewa hiyo, na kwa nguvu ya jua huigeuza kuwa chakula. Sisi tukila muhogo na kupumua, twaurudisha ukaa hewani. Ziwani ni vivyo hivyo: mimea midogo isiyoonekana kwa macho hufanya kazi ya jani, vijidudu vya majini huila mimea hiyo, dagaa huwala vijidudu, migebuka huwala dagaa. Vyote vikifa huzama, na rutuba yao huenda chini pamoja navyo.

Huko chini, kupita mita mia mbili hivi, hakuna oksijeni wala samaki. Ndiko iliko ghala ya rutuba. Tangu Mei hadi Septemba upepo wa kusi huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini huinuka, yakiileta rutuba kwenye mwanga. Hivyo ndivyo ziwa lijilishavyo.

Lakini maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Maji ya juu yakizidi kupata joto, hukaa kama kifuniko cha chungu, na upepo hushindwa kuyachanganya na ya chini. Mwaka 2003 wataalamu waliopima ukaa uliomo katika matope ya ziwa hili walitangaza kwamba mazao ya ile mimea midogo yamepungua kwa asilimia 20 hivi, wakakadiria kwamba samaki wapungua kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2010 wengine walionyesha kwamba kwa miaka 1,500 maji ya juu hayakupata kuwa na joto kama la nyakati hizi.

Joto hilo latoka wapi? Nchi za viwanda zimechimba makaa ya mawe na mafuta, yaani ukaa uliolala ardhini mamilioni ya miaka, zikauchoma. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, 280 hivi zilikuwa hewa ya ukaa; leo zimepita 420. Hewa hiyo hulizuia joto kama blanketi.

Msomaji aweza kuuliza: mbona basi mwaka 2024 ziwa lilifurika, maji yakaingia majumbani huko Bujumbura, Uvira na Kalemie? Ziwa hupanda kwa mvua, na hupungua kwa jua na kwa mto Lukuga uyapelekao maji Kongo. Lilipanda hivyo hata mwaka 1964, baada ya mvua kubwa zilizoanza 1961. Bahari yapanda kwa sababu nyingine: maji yapatayo joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu huyeyuka. Tangu 1901 hadi 2018 ilipanda sentimita 20 hivi, na huko Pemba maji ya chumvi yameingia katika mashamba ya mpunga. Kwa hiyo ziwa lililojaa maji si lazima liwe limejaa samaki.

Mvuvi wa Wampembe amechangia moshi huo kidogo sana, naye aumia mapema. Ni haki kuwadai waliochoma zaidi wapunguze. Lakini ghala iliyopungua haichotwi kama iliyojaa. Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani humo tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ulikuwa mzigo mzito kwa nyumba isiyo na shamba, na nyumba hizo hazina budi kusaidiwa. Hata hivyo, nyavu za matundu madogo zikiongezwa juu ya joto, dagaa hawatapata nafasi ya kuzaliana. Baba amrithishaye mwanawe mtumbwi, na amrithishe pia ziwa lenye samaki.