Itifaki Imezingatiwa

Wenzangu, hapa Songea, kama kwingineko nchini, msemaji wa sherehe hupenda kusema, "Itifaki imezingatiwa." Maana yake, wakubwa wote wameheshimiwa kwa vyeo vyao, ijapokuwa hawakutajwa mmoja mmoja.

Lakini daraja za jukwaani sizo za kushika madaraka. Jukwaani Waziri Mkuu humtangulia Spika. Kiti cha Rais kikiwa wazi, Katiba, ibara ya 37, humtaja Makamu wa Rais, kisha Spika, kisha Jaji Mkuu. Waziri Mkuu hayumo. Rais Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa tarehe 19.

Basi tujifunze orodha zote mbili: moja hulinda heshima, ya pili hulinda nchi.